Kiolesura si mwonekano tu

Programu za ofisi zinapoletewa toleo jipya, tangazo linalozungushwa kwa wafanyakazi husema kwamba mwonekano umebadilika. Neno hilo ni jepesi na kila mtu analijua, lakini hapa linapotosha, tena linamwonea mtu ambaye kazi yake ya kutwa ni kuandika barua na kupanga majedwali. Kilichobadilika ni kiolesura.

Kiolesura ni mahali pote ambapo mtu na programu hukutana: menyu, vitufe, visanduku vinavyofunguka, maneno yaliyoandikwa juu yake, njia za mkato za kibodi, na mpangilio ambao vidole vimeuzoea. Jicho huona sehemu tu ya hayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Office 2007. Microsoft iliondoa menyu zinazoshuka na pau za zana katika Word, Excel na PowerPoint, ikaweka utepe, yaani ukanda mpana wenye vichupo juu ya ukurasa. Haikufanya hivyo kwa kupenda mapambo. Word 2003 ilikuwa na pau za zana zipatazo 30, na amri zilikuwa zimerundikana hata mtu hajui aanzie wapi. Kabla ya hapo, Office 2000 ilijaribu kuficha vipengele vya menyu visivyotumiwa sana, na watu wakawa wanatafuta leo kitu walichokiona jana. Jensen Harris, mmoja wa walioongoza usanifu wa utepe, alieleza kwamba katika Word 2003 amri ya kubandika peke yake ilichukua zaidi ya asilimia 11 ya amri zote zilizotumika. Ukijumlisha na kuhifadhi, kunakili, kutendua na kukoza, unafikia karibu asilimia 32.

Sasa tazama yaliyotokea katika Excel. Mhasibu aliyetaka kubandika thamani bila fomula alikuwa akibonyeza Alt, kisha E, S na V, halafu Enter. Herufi E ilifungua menyu ya Edit, S ikaita kisanduku cha ubandikaji maalumu, V ikachagua thamani. Katika toleo la 2007 menyu ya Edit haipo tena. Hata hivyo, ukibonyeza vitufe vilevile kwa mfuatano uleule, amri inatekelezwa! Wasanifu waliiacha njia hiyo kwa makusudi, kwa kuwa walijua kuna watu wanaofanya kazi bila kutazama menyu. Kwa mhasibu huyo, mwonekano ulibadilika wote, lakini sehemu ya kiolesura aliyoitegemea ilibaki palepale.

Kinyume chake kilikuwa kwenye kona ya juu kushoto. Hapo paliwekwa kitufe cha duara chenye nembo ya Office, na ndani yake amri za kufungua faili, kuhifadhi na kuchapisha. Kitufe kilionekana vizuri kabisa, kikubwa na chenye rangi, lakini wengi walidhani ni pambo. “Dada, kuprinti kumeenda wapi?” Hilo ni swali la mtu ambaye macho yake ni mazima. Office 2010 ikakiondoa kitufe hicho na kurudisha neno File, likiwa kichupo.

Neno utepe lenyewe nalikubali, ingawa makatibu muhtasi waliokulia kwenye taipureta wanaujua utepe mwingine, ule wa wino. Anayewafundisha awaambie mapema kwamba huu ni ukanda wa amri.

Tofauti ya kiolesura na mwonekano ina uzito ofisini kwa sababu ya muda. Mkuu wa idara akiamini kwamba sura tu ndiyo mpya, atatarajia watu wazoee asubuhi moja, na anayechelewa ataitwa mvivu au mzee. Ukweli ni kwamba anayepoteza zaidi ni fundi. Mgeni hana njia ya kusahau, ilhali aliyefanya kazi miaka mingi hulazimika kusimama kila hatua na kufikiria jambo ambalo mkono ulikuwa ukilifanya wenyewe. Huyo apewe nafasi, na aoneshwe kwanza amri anazozitumia kila siku zimehamia wapi. Aoneshwe pia upau wa ufikiaji wa haraka, anaoweza kuujaza amri zake mwenyewe, na Ctrl+F1 inayoukunja utepe. LibreOffice imekwenda mbali zaidi: inamwachia mtumiaji achague kati ya menyu za zamani na mpangilio wa vichupo. Napendelea njia hiyo.

Watafsiri wa Kiswahili nao wamo katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Katika kazi ya namna hiyo mtafsiri huchagua neno, na pamoja nalo herufi itakayopigiwa mstari ili menyu ifunguliwe kwa kibodi. Edit ikiitwa Hariri, E haina pa kushika. Huenda ikawa H. Neno likibadilishwa katika toleo linalofuata, hata kwa nia njema ya kusanifisha, njia ya kidole huhama nalo. Orodha za istilahi za programu zinahitaji safu ya herufi hizo kando ya kila neno la menyu.