Uboho, Damu na Sumaku: Sura Moja ya Historia ya Utabibu katika Bonde la Kilombero

Uboho si kitu kigeni kwa mtu yeyote aliyepata kugonga mfupa ukingoni mwa sahani. Mchinjaji ajua kwamba mfupa wa ndama ndani yake ni mwekundu, na kwamba mguu wa ng'ombe mzee umejaa mafuta. Jambo hilo la machinjioni limekuwa suala kubwa la elimu katika zama zetu: kwa nini uboho mwekundu hugeuka kuwa mafuta, na mgeuko huo wauachaje mfupa wenyewe? Katika makala haya nataka kulifuata suala hilo kwa njia ya historia ya bonde moja, Kilombero, kwa sababu bonde hilo limetuachia fundisho kuhusu vyombo vya kutazamia ndani ya mwili, na kuhusu mpaka wa uwezo wake.

Profesa Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Uswisi, alifika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Alikuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki mjini Basel mwaka 1943, na katika Ifakara alikuta misheni ya Wakapuchini wa nchi yake, wagonjwa wengi, na nchi tambarare ambayo mto huifunika kwa maji kila masika. Mwaka 1957 ilijengwa hapo maabara ndogo. Chombo chake kikuu kilikuwa hadubini, na kitu kilichotazamwa aghalabu kilikuwa tone la damu juu ya kioo. Maabara hiyo ndiyo asili ya taasisi ambayo leo yaitwa Ifakara Health Institute.

Tone la damu lilieleza mengi. Lilionyesha vimelea vya malaria, na lilionyesha pia jinsi damu ya watoto wa bonde ilivyokuwa nyepesi. Lakini damu haizaliwi katika mishipa. Huzaliwa katika uboho. Mtoto mchanga ana uboho mwekundu karibu katika kila mfupa wake, nao wote hufanya kazi ya kutengeneza damu mchana na usiku. Malaria humpiga mtoto mara mbili: huvunja chembe za damu zilizokwisha tengenezwa, na huuvuruga uboho usiweze kutengeneza nyingine ipasavyo. Kwa hiyo kila aliyepima upungufu wa damu katika Ifakara alikuwa akiupima uboho kwa mbali, kama mtu anayekisia hali ya kisima kwa kutazama ndoo iliyotoka humo.

Kazi mbili zilizofanywa hapo zastahili kukumbukwa. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 1997. Watoto 832 walifuatwa tangu walipokuwa na umri wa majuma 8. Baadhi yao walipewa madini ya chuma, wengine dawa ya kukinga malaria kila juma, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Dawa ya malaria ilipunguza upungufu mkubwa wa damu kwa zaidi ya nusu, ilhali chuma peke yake kilipunguza kwa zaidi kidogo ya robo. Matokeo hayo yalipendeza, lakini mwisho wake ulitia mashaka: dawa ilipokoma, watoto waliokuwa wamekingwa walishambuliwa na malaria na upungufu wa damu kuliko wenzao. Watafiti hawakulificha jambo hilo, bali walilifanya kuwa swali jipya. Kazi ya pili, iliyotangazwa mwaka 2001, ilijaribu kutoa dawa mara tatu tu, siku zile zile mtoto aletwapo kuchanjwa. Malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 50 katika mwaka wa kwanza wa maisha. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa nchi za Afrika zenye malaria nyingi. Hadubini ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni swali.

Sasa tumfuate mtoto huyo katika makuzi yake. Kadiri miaka inavyopita, uboho mwekundu hujitenga na miguu na mikono, ukabaki zaidi katika uti wa mgongo, nyonga, mbavu na fuvu, na mahali ulipotoka hushikwa na mafuta. Hayo ni maumbile, wala si ugonjwa. Lakini mwaka 1971 Meunier na wenzake wa Ufaransa walipochunguza vipande vya mfupa wa nyonga, waliona kwamba watu ambao mifupa yao imedhoofika na kuwa myepesi walikuwa na mafuta mengi katika uboho kuliko kawaida. Sababu moja inayotajwa ni kwamba chembe zinazojenga mfupa na chembe zinazohifadhi mafuta humo ni watoto wa mama mmoja. Mama akizaa zaidi upande mmoja, upande wa pili hupungukiwa. La kustaajabisha zaidi ni kwamba mafuta ya uboho huongezeka hata kwa mtu aliyekonda kwa kukosa chakula. Mwili wote hupoteza mafuta yake, na mfupa huyaongeza.

Zamani hapakuwa na njia ya kuyaona hayo ila kwa kumchoma mtu sindano hadi mfupani. Njia nyingine ilitokana na ugunduzi wa mwaka 1946, Felix Bloch na Edward Purcell walipoonyesha kwamba viini vya atomi vilivyowekwa katika nguvu ya sumaku huitikia mawimbi ya redio. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha jinsi mwitiko huo unavyoweza kuwa picha, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walituzwa kwa kazi hiyo. Hiyo ndiyo mashine iitwayo MRI. Haidrojeni iliyo katika maji na haidrojeni iliyo katika mafuta haziitikii kwa sauti moja. Tofauti yao ni sehemu kama tatu na nusu katika milioni. Mwaka 1984 Dixon alitumia tofauti hiyo ndogo kuyatenga maji na mafuta katika picha. Tangu hapo imewezekana kusema ni asilimia ngapi ya uboho wa mtu aliye hai ni mafuta, pasipo sindano wala mionzi. Kipimo cha kawaida cha mifupa huhesabu madini tu. Sumaku husoma kile kilichomo kati ya madini.

Je, bonde letu lapata nini katika elimu hiyo? Kabla ya kujibu, tuvuke mto twende Mahenge, katika milima iliyo kusini ya Ifakara. Huko daktari wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, akaandika juu ya watoto waliokuwa wakitikisa vichwa kwa namna ya kusinzia. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 2008, Andrea Winkler na wenzake walitangaza uchunguzi wa wagonjwa wa namna hiyo, na 12 kati yao walikuwa wamepigwa picha za MRI. Wanane walionekana kuwa na kasoro katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Picha zilionyesha kovu, hazikumtaja aliyelitia. Aliyeshukiwa zaidi, yaani mnyoo wa usubi unaoenezwa na inzi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi, aliandamwa kwa kupimwa ngozi na damu, na kwa kuhesabu wagonjwa kijiji kwa kijiji.

Hapa ndipo lilipo fundisho. Mashine hujibu swali la mahali na la kiasi. Swali la sababu hujibiwa na maisha ya watu. Mama wa Kilombero aliyekulia katika homa za mara kwa mara, akanyonyesha watoto kadhaa, akapitia miezi ya uhaba kabla ya mpunga kuiva, akaiinamia ardhi tangu ujana wake, huufikia uzee na mifupa yenye historia ndefu. Akianguka na kuvunjika nyonga, mfupa huo hauwezi kusomwa sawasawa kwa vipimo vilivyotokana na watu wa Ulaya na Marekani peke yao. Wala hafai kusafirishwa kilomita 400 na ushei hadi Dar es Salaam ili tu awe tarakimu katika jedwali la wengine.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye malaria haina nafasi ya kushughulika na mafuta ya uboho. Mimi sikubaliani nao. Watoto waliookolewa na dawa za Ifakara hawakuokolewa ili wabaki watoto. Wataishi na kuzeeka, na uboho ule ule uliopiganiwa utotoni ndio utakaoichukua mifupa yao ya uzeeni. Kulichunguza jambo hili ni kuiendeleza kazi ile ile, si kuiacha. Sharti lake ni moja tu: sumaku itangulizwe na swali lililoulizwa bondeni, kama hadubini ilivyotangulizwa.