Kujifungua Nyumbani na Hospitalini Ngara

Katika vijiji vya wilaya ya Ngara, Tanzania, ikiwemo Mugoma karibu na mpaka wa Burundi, uzazi wa Wahangaza na Washubi ulikuwa kwa muda mrefu shughuli ya nyumbani. Mama mkwe na mkunga wa jadi ndio waliomhudumia mzazi, na kwa uzazi wa kawaida ujuzi wao ulitosha. Hawakuwa na dawa ya kuzuia damu iliyozidi kutoka, wala njia ya kumpasua mama ambaye mtoto amekwama.

Msaada huo ulikuja na hospitali za misheni: ya Waanglikana Murgwanza na ya Wakatoliki Rulenge. Lakini hospitali mbili haziwezi kuwa karibu na kila mlima, na uchungu wa usiku haungoji usafiri.

Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, wakunga wa jadi walifundishwa usafi na kutambua dalili za hatari. Mafunzo hayo yalistahili heshima, ila hayakutibu kutokwa na damu nyingi, na sera ikageukia wahudumu wenye taaluma. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata.

Kitaifa, uzazi katika vituo ulipanda kutoka takriban asilimia 50 mwaka 2010 hadi 81 mwaka 2022. Wanaobaki nyumbani aghalabu ni maskini na wa vijijini, na kwao umbali na nauli huamua kabla ya mama kuulizwa.