Mtoto Aliyeshindwa Kushika Sikio

Kwa waliosoma shule za msingi za Tanzania kabla vyeti vya kuzaliwa havijawa jambo la kawaida, mtihani wa kuingia darasa la kwanza ulikuwa mmoja tu: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Vidole vikifika, umetimiza miaka saba, unaandikwa. Visipofika, nenda nyumbani ukakue kwanza, uje mwakani. Leo tunasimulia huku tukicheka, maana kila mtu ana kisa chake cha kulaza shingo ili kumzuga mwalimu.

Mjomba wangu hacheki. Mkono wake wa kulia ulikaza tangu utotoni, haupandi kupita bega. Wa kushoto ungefika bila shida, lakini mwalimu alisema wa kulia, na hakuna aliyefikiri kumwambia ajaribu mwingine. Tena alikuwa mzito wa kusema, akiulizwa jina inachukua muda. Bibi alimpeleka Januari tatu mfululizo, mwishoni mwa miaka ya 70. Mara ya nne hakwenda.

Kinachonikera ni kwamba hiyo ndiyo miaka tunayojivunia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977, na hapo ndipo tulipopata UPE, walimu wa UPE na utani wote wa UPE. Ikafuata Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978: mtoto akifika miaka saba lazima aandikishwe, na mzazi ahakikishe anahudhuria. Ni sheria nzuri, sibishi. Lakini isome ukiwa umekaa upande wa bibi. Iliyembana ni mzazi. Siku moja viongozi wa kijiji walifika nyumbani kumuuliza kwa nini anamficha mtoto. Akawajibu kwamba shule ndiyo iliyomrudisha. Wakamwambia basi ampeleke tena.

Kwamba nchi haikuwa na shule kabisa kwa ajili ya watoto wa namna hii si kweli. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, miaka kumi na moja kabla ya Uhuru. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora. Mwaka 1967 Jeshi la Wokovu likaanza na watoto wenye ulemavu wa viungo, Dar es Salaam. Halafu kimya kirefu. Watoto wenye ulemavu wa akili walisubiri hadi 1982, mwaka mmoja baada ya ule ambao Umoja wa Mataifa uliupa jina la Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Wenye usonji wakapata darasa mwaka 1994, Msimbazi, Dar es Salaam.

Hebu itazame foleni hiyo. Aliyetangulia ni yule ambaye hata mpita njia anamwona kuwa haoni. Wa mwisho ni yule ambaye ukimtazama huoni kitu: ana macho, ana masikio, ana miguu, ila hakutazami usoni na maneno hayaji. Huyo shuleni hakuwa na kundi. Alikuwa mtundu, au mjinga, au amelogwa, na dawa ya yote matatu ilikuwa fimbo au mganga. Sidhani kuna aliyekaa mezani akaupanga mpangilio huo. Ndivyo jicho la mtu linavyofanya kazi lisipofundishwa.

Na aliyepata nafasi naye alilipa. Shule hizo chache zilikuwa za bweni, na nchi hii ni kubwa. Mtoto wa miaka saba au minane anapandishwa basi au treni kwenda kuishi na watu asiowajua, na kama ni kiziwi hakuna namna ya kumweleza kwamba mwezi wa sita atarudi. Bibi aliwahi kuambiwa na mtu wa kanisani kwamba ipo shule Dar. Akauliza nani atamkunja mkono usiku ukikaza. Hakupata jibu, na habari ya Dar ikaishia hapo.

Lugha yenyewe ina historia yake hapa, na wapenzi wa Kiswahili mnaijua: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, wote wamepangwa kwenye ngeli moja na kiti na kijiko, ingawa kitenzi kinawarudishia utu wao: kiziwi *amekuja*. Tukahamia kwenye “mlemavu”, kisha “mtu mwenye ulemavu”. Viziwi wenyewe wala hawakuhama, chama chao mpaka leo ni Chama cha Viziwi Tanzania. Neno “taahira” ndilo lililotoka ofisini likabaki mtaani kama tusi.

Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Juni, wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida iwapokee watoto wote, na shule ndiyo ijirekebishe. Kwetu wazo hilo lilichukua miaka kumi na sita kuwa kifungu cha sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, kifungu cha 27, inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na apewe msaada anaouhitaji ili ajifunze. Ukiiweka kando ya ile ya 1978, unaona mzigo umehama kidogo kutoka mgongoni mwa mzazi. Kidogo tu, maana walimu wa elimu maalumu wanaotoka Patandi, Arusha, hawawezi kuenea kila kata, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa ya chini yamefurika.

Mwaka juzi binti wa mjomba alimpeleka mwanawe darasa la awali. Mtoto ana miaka mitano na bado hasemi. Mwalimu mkuu, mtu mpole kwa kweli, akamwambia, “Mama, kaa naye kwanza nyumbani, atachangamka.” Kesho yake dada akarudi na kifungu cha 27 alichokitoa nakala stesheneri, mjomba nyuma yake na fimbo yake ya kutembelea. Mwalimu alikisoma mara mbili, akaomba ile nakala ibaki kwake.

Mtoto aliandikishwa siku ileile. Darasa lina watoto zaidi ya tisini na mwalimu mmoja. Wiki mbili za mwanzo dada alikaa naye, nyuma kabisa, kwenye kiti cha mtoto.