Hesabu na Maneno: Mjadala wa Tanzania juu ya Ugonjwa wa Korona, 2020–2021

Serikali yo yote inayofikiwa na maradhi ya kuambukiza huwa na hofu mbili kwa wakati mmoja: hofu ya maradhi yenyewe, na hofu ya njaa iwapo watu watazuiliwa kwenda kazini. Katika mwaka 2020 karibu kila taifa duniani lilishughulika kuzipima hofu hizo mbili. Tanzania nayo ilizipima, lakini mjadala wake ulishika njia ya peke yake, nayo yastahili kuchunguzwa na wanahistoria na wanalugha pia. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba hasara kubwa ya mjadala ule haikuwa kushinda kwa rai moja na kushindwa kwa nyingine, bali kuondolewa kwa kipimo ambacho kwacho rai zote mbili zingeweza kuhukumiwa. Hesabu zilipokoma, maneno yalitwishwa kazi ya hesabu.

Katika siku za mwanzo hapakuwa na ugomvi mkubwa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alizifunga shule, akapiga marufuku mikutano ya hadhara na michezo. Vyuo vikuu navyo vikafungwa baadaye kidogo. Mbio za Mwenge wa Uhuru zilisimamishwa. Wasafiri waliotoka katika nchi zilizoshikwa sana na ugonjwa walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Neno karantini halikuwa geni kwa watu wa pwani, kwa kuwa Kisiwa cha Changuu, kilicho mbele ya mji wa Unguja, kilitumika zamani kuwatenga abiria wa meli waliodhaniwa kuwa na maradhi. Kwa hiyo amri hizi za kwanza zilipokewa kama amri za desturi wakati wa ugonjwa.

Njia zilianza kuachana juu ya mambo mawili, yaani ibada na soko. Tarehe 22 Machi, akiwa kanisani Dodoma, Rais John Magufuli alisema kwamba nyumba za ibada hazitafungwa. Na mwezi wa Aprili aliita siku tatu za maombi ya taifa, tangu tarehe 17 hata tarehe 19. Siku chache baadaye, akiwa Chato, alikataa shauri la kuufunga mji wa Dar es Salaam, kwa hoja kwamba mji huo ndio unaoiletea serikali sehemu kubwa ya mapato yake. Hoja hii haifai kudharauliwa. Machinga wa Kariakoo, mama lishe, kondakta wa daladala na mchuuzi wa samaki wa Feri hupata leo wanachokula leo. Kumfungia ndani mtu wa namna hiyo bila kumpa posho ni kutoa amri isiyoweza kutiiwa, maana mwenye njaa hana miiko. Serikali haikuwa na hazina ya kuwalisha watu wote wa mji huo, na waliosema hivyo walisema jambo la kweli.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Katika muda wa siku 12 tu, tangu tarehe 20 Aprili hata tarehe 1 Mei 2020, walifariki wabunge watatu: Getrude Rwakatare, Richard Ndassa, na Augustine Mahiga aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani bungeni, aliwataka wabunge wa chama chake wajitenge kwa siku 14. Spika Job Ndugai aliwaamuru warudi bungeni au warudishe posho walizokwisha kulipwa. Hapo mabishano ya afya yaligeuka kuwa mabishano ya nidhamu: aliyekaa nyumbani kwa kujikinga alihesabiwa mtoro, na aliyekaa barazani alihesabiwa mtiifu. Hata hivyo, mpaka wakati huo pande zote mbili zilikuwa zikisoma hesabu moja, na kila upande uliweza kumwambia mwenziwe: tazama idadi.

Hesabu hiyo ilikoma upesi. Tarehe 29 Aprili ilitangazwa kuwa wagonjwa wa Tanzania walikuwa 480 na waliokufa 16. Zanzibar iliongeza hesabu zake siku chache baadaye, na jumla ya nchi nzima ikasimama juu ya wagonjwa 509 na vifo 21. Idadi hiyo haikusogea kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kutoaminika kwa vipimo. Tarehe 3 Mei, Rais alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa katika maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina ya watu, na baadhi yake zikaonekana kuwa na ugonjwa. John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa Kituo cha Afrika cha Kudhibiti Magonjwa, alikana kwamba vipimo vile vilikuwa vibovu. Kushuku kipimo si kosa. Ni wajibu wa mtawala na wa mtaalamu. Lakini mizani inayoshukiwa hupelekwa kwa fundi, kisha hurudishwa sokoni. Mizani hii ilitolewa sokoni na biashara ikaendelea bila ya mizani.

Tangu hapo mjadala uliingia katika lugha. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, shule zote tarehe 29 Juni, na mwanzoni mwa mwezi huo wa Juni Rais alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nchi imeokolewa na korona kwa maombi. Mwezi wa Julai zilitolewa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kutangaza habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka. Kwa hiyo jina la ugonjwa lenyewe likawa zito mdomoni. Mwanzoni mwa mwaka 2021, vifo vilipoongezeka, lilienea tamko jingine: “changamoto ya upumuaji”. Changamoto ni neno ambalo maana yake ya kwanza ni jambo la kumtia mtu hamasa. Hapa lilifanywa kifuniko cha msiba. Nyungu, ambayo ni chombo cha udongo, ikawa jina la tiba ya kujifukiza, na zaidi ya hapo ikawa alama ya msimamo. Barakoa, neno la kale la pwani kwa kitambaa cha kufunika uso wa mwanamke, lilipata maana mpya ya tiba na ya siasa kwa pamoja: katika ofisi nyingine aliyeivaa alitazamwa kama mtu wa kueneza hofu. Msemaji hakuhitaji tena kutaja rai yake. Neno alilolichagua lilimtaja.

Mtu aweza kudhani kwamba katika uchumi, angalau, hesabu zilibaki. Hata huko zilikuwa mbili. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba pato la taifa lilikua kwa asilimia 4.8 katika mwaka 2020, na Benki ya Dunia ilikadiria asilimia 2.0. Watalii walioingia nchini walikuwa 1,527,230 katika mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 katika mwaka 2020, ingawa anga lilifunguliwa tangu mwezi wa Mei. Maana kuacha mlango wazi hakumleti mgeni ambaye kwao milango imefungwa. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika daraja la nchi zenye kipato cha kati cha chini. Habari hiyo ilishangiliwa kama ushahidi wa sera, lakini kipato kilichopimwa kilikuwa cha mwaka 2019, kabla ugonjwa haujaingia.

Kwa kulinganisha, Kenya ilishika njia nyingine. Ilitangaza kafyu tangu tarehe 27 Machi 2020, ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi mpaka mwezi wa Julai, na kuwaweka wanafunzi wengi nyumbani mpaka Januari 2021. Njia hiyo haikukosa maumivu wala lawama: polisi walilaumiwa kwa ukatili, na pato la nchi lilipungua kidogo katika mwaka 2020. Tofauti iko katika silaha za mabishano. Waziri Mutahi Kagwe alisoma idadi ya wagonjwa mara kwa mara mbele ya taifa, na mwananchi aliyetaka kuilaumu serikali, ama kwa kufunga mno ama kwa kufungua mapema, aliilaumu kwa idadi iliyotoka katika kinywa chake yenyewe. Mwananchi wa Tanzania hakuwa na fimbo hiyo, wala mtetezi wa serikali hakuwa na ngao yake.

Ukimya ulianza kupasuka Januari 2021. Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini juu ya maambukizi mapya, na mwezi wa Machi katibu wake alitaja vifo vya mapadri zaidi ya 20 na masista wapatao 60 katika muda mfupi. Chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza wazi kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa na korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Siku hiyo hiyo alifariki John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Waswahili husema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarehe 21 Februari Rais mwenyewe aliwahimiza wananchi kuvaa barakoa zilizotengenezwa nchini. Alifariki tarehe 17 Machi 2021; serikali ilitaja maradhi ya moyo.

Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, nayo ikatoa taarifa yake mwezi wa Mei. Tarehe 28 Juni, akizungumza na wahariri, alitaja wagonjwa wapatao 100. Na tarehe 28 Julai alichanjwa hadharani. Hapo jina rasmi la UVIKO-19, lililofupishwa kutoka “ugonjwa wa virusi vya korona”, lilishika mahali pa tamko la upumuaji. Mwezi wa Septemba Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 567.25, na sehemu ya fedha hizo ikajenga madarasa 15,000. Hivyo neno lililokuwa halitamkiki likaandikwa katika mpango wa maendeleo wa serikali.

Mwanahistoria atakayeulizwa kama kutoifunga nchi kulikuwa busara au kosa atakuta mizani yenye sahani moja. Upande wa pato, kodi na watalii una vitu vya kupima. Upande wa wagonjwa na wafu, tangu Mei 2020 hata katikati ya mwaka 2021, ni mtupu. Yawezekana kabisa kwamba walioshikilia soko libaki wazi walikuwa na haki. Lakini ni wao walioondoa shahidi ambaye angewathibitishia. Yaliyobaki ni maneno: matangazo ya vifo, nyaraka za maaskofu, hotuba za misikitini na makanisani, kumbukumbu za Bunge, na lugha ya vijiweni. Hayo hayawezi kutoa idadi, lakini yanaonyesha watu walijua nini, na waliogopa kusema nini. Yafaa yakusanywe mapema, wakati walioyatamka wangali hai kuyafasiri.