Sauti ya Pili: Sanaa, Kifungo na Maradhi ya Mlipuko

Mwaka 2020, tulipokuwa tukihimizana kunawa mikono na kuepuka misongamano, walikuwapo wananchi ambao agizo la pili wasingeweza kulitii hata wangetaka. Mfungwa hachagui wa kulala ubavuni mwake. Hapa Tanzania, msamaha wa Rais wa tarehe 26 Aprili uliwagusa wafungwa 3,973. Majirani zetu, Kenya na Uganda, walisitisha ziara za ndugu magerezani. Hatua za namna hiyo zilikuwa na hoja zake kitabibu, lakini zilihusu mwili. Mtu aliyefungwa atabakije na utulivu wa nafsi pale ambapo hata ndugu haruhusiwi kumtembelea? Swali hilo lilisikika kidogo mno katika mijadala yetu.

Sisi tunaoishi Dodoma hatuna udhuru wa kulipuuza. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa katika mji huu mwaka 1927, na Isanga ikawa ndiyo taasisi ya kuwatunza watuhumiwa na wahalifu wenye maradhi ya akili. Kwa miongo mingi, basi, jina la Dodoma limeunganisha mambo mawili ambayo sera zetu hupenda kuyatenganisha: kifungo na afya ya akili. Leo makao makuu ya Jeshi la Magereza yako Msalato. Anayeweza kulijibu swali hili ni jirani yetu.

Nitaanzia mbali kidogo. Mwaka 1969, Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, Kenya: Twendapi? Alitengwa peke yake. Humo, kwa siri, akatunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakatunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushujaa, na ni sawa. Mimi huwaomba wanafunzi wangu watazame jambo jingine: shairi la Mnazi, Vuta N'kuvute. Ndani yake ndugu wawili wanaugombea mnazi, huyu akitoa hoja na yule akiijibu. Wengi wamelisoma kisiasa, na siasa imo. Lakini fikiria hali ya mtunzi. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye ameumba wazungumzaji wawili. Upweke humnyang'anya mtu mwitikio wa mwenzake. Utungaji ulimrudishia sauti ya pili.

Uwanda huu wa kati una hazina ya aina hiyohiyo. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa aliyewahi kuwa hakimu, ndiye aliyeikuza ngonjera kuwa utanzu unaojulikana nchi nzima. Ngonjera za UKUTA zilianza kutoka kitabuni mwaka 1970, baada ya kifo chake, na shule zetu zikazitumia kueneza fikra za Azimio la Arusha. Tumezoea kuiona ngonjera kama chombo cha kupokelea wageni rasmi, watoto wakiimba sifa juani. Tumesahau kiini chake, ambacho ni majibizano: mmoja hajui, mwingine anaeleza, mmoja anapinga, mwingine anamshawishi, hadi wafikie mwafaka.

Kwa gereza lililofungwa kwa sababu ya maradhi, umbo hili linafaa kwa namna ya pekee. Kwaya katika bweni lililojaa, hewa ikiwa nzito, inaweza kuwa njia ya kuenezea ugonjwa; ngoma inahitaji uwanja na nafasi. Ngonjera hutungwa kwanza kwa kalamu. Mfungwa mmoja anaandika ubeti, mwingine wa bweni la pili anaujibu siku inayofuata, na karatasi ndiyo inayosafiri. Asiyejua kusoma anasomewa, naye jibu lake linaandikwa na mwenzake. Kinachohitajika ni daftari, kalamu, na ofisa asiyeliona kila shairi kuwa njama.

Uingereza ilijifunza somo hili kwa gharama. Katika mwaka wa kwanza wa mlipuko, wafungwa wengi huko walifungiwa vyumbani zaidi ya saa 22 kwa siku, na wakaguzi wa magereza wakaeleza jinsi hali hiyo ilivyowadhoofisha kiakili. Mashirika ya sanaa, walimu wake wakiwa wamezuiwa kuingia, yalipeleka vifaa vya kuchora na kuandikia vyumbani.

Wapo watakaosema kuwa gereza lisilo na nafasi ya kutosha halina haki ya kuota mashairi. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, hazikubaliani nao: Kanuni ya 105 inataka shughuli za burudani na utamaduni katika kila gereza, kwa faida ya afya ya akili na ya mwili. Kwa hiyo daftari la mfungwa liwekwe katika bajeti ya dharura pamoja na sabuni na barakoa. Mlipuko mwingine utakuja. Utakapokuja, ndugu watazuiwa tena langoni, na aliye ndani atahitaji mtu wa kumjibu.