Protini kabla ya kulala: je, inajenga misuli kweli?

Swali hili limekuwa likirudi kwenye ujumbe mfupi mnaotutumia: ni kweli kwamba ukila protini usiku, muda mfupi kabla ya kulala, misuli hukua haraka zaidi? Wanaotuuliza ni wa makundi mawili. Kuna vijana wanaopiga tizi kwa vyuma vya kujitengenezea, bomba lenye kopo la saruji kila upande, ambao wameona kwenye simu tangazo la poda ya kunywa usiku. Na kuna wanaotunza wazazi wazee waliopungua mwili, wanaotaka kujua kama kikombe cha maziwa cha usiku kinaweza kuwarudishia nguvu. Makundi haya mawili hayana jibu moja. Kwa vijana kuna pesa zinazoweza kupotea bure, na kwa wazee kuna jambo ambalo nyumba nyingi hazilitilii maanani.

Kwa ufupi: protini ya usiku inasaidia ikiwa inaongeza jumla ya protini unayokula kwa siku. Saa yenyewe ina mchango mdogo sana.

Misuli hujengwaje usiku?

Misuli haikai kama ilivyo. Kila siku mwili hubomoa sehemu ndogo ya protini iliyomo ndani yake, kati ya asilimia 1 na 2, na kujenga nyingine mpya. Ni kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila mwaka: udongo wa zamani unabanduka, mpya unapakwa. Ukipata udongo wa kutosha ukuta unanenepa. Ukikosa, unakonda kidogo kidogo mpaka siku moja miti inaonekana.

Udongo wa misuli ni asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyopatikana tumbo na utumbo vinapomeng'enya protini, ambayo wengine tuliisoma shuleni kwa jina la utomwili. Mazoezi mazito ya kunyanyua vyuma, pushapu au kubeba magunia huuamsha mwili ujenge zaidi, na mwamko huo hudumu siku moja hadi mbili. Hii ndiyo sababu mtu asiyefanya kazi ya nguvu wala mazoezi hawezi kupata kifua kwa kunywa maziwa.

Sasa fikiria mtu aliyekula saa moja usiku, akanywa chai saa moja asubuhi. Amekaa saa 12 bila kutia kitu mdomoni. Chakula cha jioni huendelea kumeng'enywa kwa saa kadhaa, lakini kikiwa na protini kidogo, kufika alfajiri mwili hauna tena malighafi mpya ya kujengea. Hapo ndipo watafiti walipojiuliza: tukimpa mtu protini anapokwenda kulala, je, misuli itaitumia?

Habari hii ilitoka Uholanzi

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, na kikundi cha Profesa Luc van Loon, na ukachapishwa mwaka 2012. Vijana 16 wa kiume walifanya mazoezi ya vyuma saa mbili usiku. Wote walipewa protini gramu 20 mara baada ya mazoezi. Kisha, nusu saa kabla ya kulala, nusu yao walikunywa kinywaji chenye gramu 40 za kaseini, ambayo ndiyo protini kuu ya maziwa, na wengine wakanywa kinywaji kisicho na protini. Kwa wale waliokunywa kaseini, ujenzi wa misuli usiku ule ulikuwa juu kwa takriban asilimia 22.

Utafiti huo ulionyesha kwamba tumbo halilali. Mtu akiwa usingizini, protini inameng'enywa, inafyonzwa, na inafika kwenye misuli. Kabla ya hapo jambo hili lilikuwa halijulikani vizuri.

Usiku mmoja ni usiku mmoja. Mwaka 2015 kikundi hicho kilichapisha utafiti mrefu zaidi: vijana 44, wiki 12, mazoezi mara tatu kwa wiki. Waliopewa kila usiku kinywaji chenye gramu 27.5 za protini waliongezeka nguvu na ukubwa wa misuli kuliko wenzao. Matangazo mengi yanaegemea hapa, lakini huwa hayataji jambo moja. Wenzao walipewa kinywaji kisicho na protini wala nguvu yoyote ya chakula, na hawakufidiwa saa nyingine. Kwa hiyo kundi la kwanza lilikuwa linakula kama gramu 1.9 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na la pili gramu 1.3. Je, kilichosaidia ni saa ya kunywa, au ni kiasi kilichozidi?

Saa au kiasi?

Ili kujibu, lazima makundi yote mawili yale protini ileile, moja asubuhi na jingine usiku. Jaribio la namna hiyo lilifanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017. Watu 26 waliozoea mazoezi, wanaume na wanawake, waliongezewa gramu 54 za kaseini kwa siku kwa wiki 8. Mwishoni hapakuwa na tofauti kati ya waliokunywa asubuhi na waliokunywa jioni. Watu 26 ni wachache, lakini jibu hilo linaoana na uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliokusanya tafiti 49 zenye washiriki zaidi ya 1,800. Uchambuzi huo uliona kwamba protini ya nyongeza inasaidia misuli ya wanaofanya mazoezi ya vyuma, na kwamba jumla ya siku ikishafika takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, kuongeza zaidi hakuleti faida inayoonekana.

Vipi kuhusu hoja kwamba usiku lazima iwe kaseini kwa sababu inameng'enywa polepole? Ni kweli kwamba kaseini huganda tumboni na kuachia asidi amino taratibu. Protini nyingine ya maziwa, whei, ambayo imo katika majimaji yanayojitenga maziwa yakiganda, hupita haraka. Lakini mwaka 2023 kikundi cha Maastricht kilizilinganisha gramu 45 za kila moja kabla ya kulala, kwa vijana waliofanya mazoezi ya baiskeli jioni. Zote ziliongeza ujenzi usiku ule, na hazikutofautiana. Basi muuzaji akikuambia kopo la "usiku" ni tofauti na kopo la "mchana", jua kwamba tofauti kubwa iko kwenye bei.

Sahani yetu ina protini kiasi gani?

Tuchukue kijana wa kilo 60 anayefanya mazoezi. Kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo, kwake ni gramu 48. Akitaka kujenga misuli, gramu 1.6 kwa kilo ni 96. Siku nyingi zinakwenda hivi: asubuhi chai ya rangi na maandazi matatu, mchana ugali na mchicha, usiku ugali na dagaa kidogo. Maandazi yana kama gramu 6. Ugali wa unga gramu 200 una kama 15, na ameula mara mbili, 30. Mchicha 3. Dagaa wakavu gramu 30 hutoa kama 17. Jumla ni 56.

Kwa mkulima wa kawaida kiwango hicho kinaonekana kinatosha, ila zaidi ya nusu yake imetoka kwenye mahindi, na protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Maharage yana lisini nyingi. Bibi zetu walioshikilia ugali na maharage, au makande, walikuwa sahihi, ingawa hawakulijua neno lisini.

Sasa tumwongezee huyu kijana bila kwenda mjini. Kikombe cha maziwa cha robo lita kwenye chai, gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa mchana, gramu 15. Usiku kabla ya kulala kikombe cha mtindi, gramu 8, na konzi ya karanga, gramu 7. Amefika 94. Kama hapati maziwa, mayai mawili yana gramu 12, na kunde au choroko zinakaribiana na maharage. Walio Kagera na senene wao hawahitaji kuelezwa.

Utaona kwamba cha usiku kimeingia kwenye hesabu kama sehemu ya siku, hakina kazi ya peke yake. Kwa wengi wetu kina faida nyingine ya kawaida tu: mchana mtu yuko shambani au mnadani, na usiku ndio wakati anapotulia na kula alichokosa.

Kuhusu mayai mabichi. Kuna mtindo wa kuvunja mayai mabichi kwenye soda na kuyameza baada ya mazoezi. Watafiti wa Ubelgiji walionyesha mwaka 1998 kwamba mwili unafyonza takriban asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa, na karibu nusu tu ya yai bichi. Ukiongeza hatari ya bakteria wa salmonela, hatuoni sababu ya kutolichemsha.

Poda ya kopo

Poda si sumu, na si uongo kwamba ina protini. Kijiko chake cha gramu 30 kwa kawaida kina gramu 20 na kitu. Ila fanya hesabu kabla ya kutoa pesa: tazama kwenye kopo jumla ya gramu za protini, gawa bei kwa idadi hiyo. Kisha fanya vivyo hivyo kwa dagaa, ukijua kwamba kilo moja ya dagaa wakavu ina kama nusu kilo ya protini. (Tafuta waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utawalipia na mchanga.) Hesabu hiyo ikishafanywa, wengi wataliacha kopo dukani. Ukiamua kununua, epuka poda inayopimwa kwenye mfuko usio na jina. Vyakula vilivyofungashwa viko chini ya TBS tangu mwaka 2019, na kopo lisiloonyesha mtengenezaji wala tarehe ya kuisha muda halistahili kuingia tumboni.

Na kama nyumbani kuna yai moja na mtoto wa miaka miwili, yai ni la mtoto. Misuli ya kijana inaweza kusubiri maharage, lakini ukuaji wa mtoto wa umri huo hausubiri.

Baba na mama waliozeeka

Hapa ndipo tunapoona swali lina uzito zaidi. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Dalili zake hazifichiki: mzee anashika ukuta akiinuka kwenye kigoda, ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba sasa inamshinda, anaanguka njiani. Wakati huohuo hamu ya kula imepungua na meno yametoka, kwa hiyo nyama wanampa mwingine na yeye anakunywa uji mwepesi au chai na kulala. Nyumba nyingi huona hiyo ni heshima ya uzee, kumwacha ale anachotaka.

Mwili wa mzee unahitaji protini zaidi kuliko wa kijana ili upate ujenzi uleule. Wataalamu wengi wanapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo kwa siku kwa mwenye afya. Maastricht walijaribu pia kwa wanaume 48 wenye umri wa wastani wa miaka 72: gramu 40 kabla ya kulala ziliongeza ujenzi wa misuli usiku ule, gramu 20 hazikuleta tofauti ya wazi. Lakini mwaka 2018 wazee waliofanya mazoezi kwa wiki 12 na kupewa gramu 21 baada ya mazoezi na kila usiku hawakuwapita wenzao waliofanya mazoezi tu. Walikuwa wazee wachangamfu wanaokula vizuri. Mzee wetu anayelalia chai hayuko kwenye hali ile, na kwake kikombe cha usiku kinaziba pengo halisi. Uji uliokorogwa kwa maziwa na unga wa karanga unamezeka bila meno. Dagaa waliosagwa wakatiwa kwenye mboga pia.

Mpe na kazi ya misuli: ainuke na kukaa kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, akiwa na mtu karibu.

Nani awe mwangalifu

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu figo zilizochoka hushindwa kuondoa mabaki yake. Mwenye kisukari aangalie sukari anayotia kwenye maziwa au uji huo wa usiku. Anayesumbuliwa na kiungulia ale mlo wake saa mbili au tatu kabla ya kulala. Maziwa yachemshwe, kwani maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Na kama maziwa yanakujaza gesi, jaribu mtindi: bakteria wanaougandisha huwa wamekula sehemu ya sukari ya maziwa inayokusumbua, na protini yake imebaki ileile.