Jina la Mtawala, Mikono ya Mafundi: Pujini ya Pemba katika Historia Iandikwayo kwa Umma

1.0 Utangulizi

Uandishi wa historia kwa wasomaji wa kawaida hupenda kumkabidhi mtu mmoja jengo zima. Makala haya yanachunguza matokeo ya mtindo huo kwa kulinganisha masimulizi ya majengo mawili ya karne ya 15: kuba la kanisa kuu la Florence na ngome ya Pujini, kusini mashariki mwa Chake Chake. Hoja kuu ni kwamba masimulizi ya Pujini, ambayo huchukuliwa kuwa ngano tu, yamehifadhi jambo ambalo sifa za Florence hulisahau kwa urahisi: watu waliobeba mawe.

2.0 Fundi mmoja wa Florence

Kitabu cha Ross King kuhusu kuba la Filippo Brunelleschi, kilichotoka mwaka 2000, ni mfano mashuhuri wa uandishi huo. Kuba lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1420 na kufungwa mwaka 1436, bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini. Giorgio Vasari, katika wasifu aliouchapisha mwaka 1550, alisimulia jinsi Brunelleschi alivyowashinda wapinzani wake kwa kusimamisha yai. Hata hivyo, kumbukumbu za ofisi ya ujenzi zinaonesha kuwa mwaka 1420 waliteuliwa wasimamizi watatu: Brunelleschi, Lorenzo Ghiberti na Battista d'Antonio. Hivyo, kisa cha yai kina nyaraka za kukisahihisha.

3.0 Mtawala mmoja wa Pujini

Pujini haina daftari la namna hiyo. Kilichopo ni magofu na jina la Mkama Ndume, ambaye masimulizi humtaja pia kuwa Muhammad bin Abdulrahman. Inasimuliwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba alitenganisha kisima kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane. F. B. Pearce aliyaingiza masimulizi haya katika kitabu chake cha mwaka 1920, na tangu hapo yamekuwa yakirudiwa kwa wageni kama kioja cha ukatili.

Kurudia huko kuna hasara mbili. Kwanza, ustadi unapotea. Kuchimba matumbawe, kuchoma chokaa, kuinua boma na kuchimba handaki ni kazi zilizohitaji mafundi wenye ujuzi, lakini kioja huwaacha wakiwa migongo iliyoinama tu. Uchimbaji wa Adria LaViolette ulionesha chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa lipu. Siwa ni alama ya enzi katika miji ya Waswahili; aliyeifinyanga alijua kazi yake na maana yake.

Pili, maana ya jina inapuuzwa. Kukama ni kukamua. Mkama Ndume ni mkamuaji wa madume, yaani anayetaka maziwa pasipo maziwa. Jina la namna hii halielekei kutungwa na mtawala wala na mshairi wake wa baraza. Linasikika kama hukumu ya waliokamuliwa. Masimulizi hayathibitishi kila tendo linalosimuliwa, lakini yanathibitisha jinsi utawala ulivyokumbukwa na waliokuwa chini yake.

4.0 Hitimisho

Florence ilimpata shujaa na ikabaki na daftari la kumpunguza. Pemba ilimpata dhalimu na ikabaki na jina la kumshitaki. Mwandishi wa historia ya Pujini kwa umma hana budi kusoma vyote viwili, lipu na jina, pamoja. Akiacha lipu, Wapemba watabaki watumwa wa kisa. Akiacha jina, mafundi watatoweka tena nyuma ya ukuta walioujenga wao wenyewe.